Mgonjwa Wako Amekula Nini Leo?

Jana nimetumiwa tena ule ujumbe. Kitunguu saumu, tangawizi, limau, chemsha, kunywa kutwa mara tatu, na virusi vya korona havikugusi. Ni uleule uliozagaa mwaka 2020. Umenikasirisha kuliko mara ya kwanza.

Shangazi yangu aliugua korona, akapoteza kunusa na kuonja. "Mwanangu, ni kama natafuna karatasi," aliniambia, akasukuma kijiko pembeni. Basi tukaleta majagi. Kila aliyepiga simu alikuwa na dawa yake ya kuchemsha, nasi tukachemsha. Siku ya sita nilimshika mkono nimgeuze kitandani, pete yake ya ndoa ikachomoka, ikaangukia shuka. Pete ambayo kwa miaka mingi haikuvuka kifundo cha kidole hata kwa sabuni! Tulikuwa tunamnywesha, hatumlishi.

Kinga ya mwili hujengwa kwa chakula. Kingamwili, zile silaha ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, zenyewe ni protini. Seli nyeupe za damu zikianza kuzaliana kupambana na virusi zinataka malighafi, na homa nayo inakula nguvu: joto likipanda nyuzi moja ya Selsiasi, mwili hutumia nishati zaidi kwa takriban asilimia 10. Mgonjwa asipokula, mwili unajichuna misuli yake wenyewe, hata ile ya kupumulia. Mzee hana akiba kubwa ya misuli. Yeye ndiye mwenye uhitaji mkubwa kuliko wote, ndiye anayekula kidogo kuliko wote, halafu tunamjaza tumbo maji ya limau.

Sawa, vitamini C ina kazi yake. Lakini mtu mzima anahitaji kama miligramu 90 tu kwa siku, na machungwa mawili yanatosha. Zinki, madini ambayo kinga nayo huyahitaji, ikizidi kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza madini ya shaba, na kinga hiyohiyo ikadhoofika. Aliyepungukiwa vitamini D apewe. Na hakuna sahani inayochukua nafasi ya chanjo.

Muuguzi mmoja ndiye aliyetufumbua macho: kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili, chenye protini. Yai lililopondwa ndani ya supu. Maharage yaliyosagwa, na mafuta kijiko kimoja juu. Mtindi wa baridi ndio uliopita vizuri zaidi, maana ulimi usioonja bado unahisi ubaridi. Vijiko vinne, mapumziko, vijiko vinne tena. Siku ya kumi na mbili alimaliza bakuli zima, na mimi nikaenda kulia jikoni.

Aliyenitumia ujumbe jana ana mama mgonjwa, homa tangu Jumatatu. Nikamuuliza mama amekula nini leo.

"Chakula hataki, ila limau anakunywa vizuri."

Nimempigia mara tatu, hajapokea. Nikimaliza kuandika hapa nakwenda kwake.