Clos de Vougeot: daraja la mvinyo linafuata udongo au ukuta?

Clos de Vougeot, shamba la mizabibu lililoko Burgundy, Ufaransa, lina hekta 50 hivi, zote ndani ya ukuta wa mawe uliokamilika mwaka 1336. Mvinyo mwekundu wowote uliokidhi masharti na kutengenezwa kwa zabibu za humo huandikwa Grand Cru, daraja la juu kabisa la eneo hilo. Ubishi wake ni wa zamani: watawa walioujenga ule ukuta walikuwa wanazungushia mali yao, hawakuwa wanapima udongo.

Na udongo wenyewe haufanani. Upande wa juu una rangi ya kahawia na changarawe nyingi, na hata nusu mita haifiki kabla ya kugonga mwamba wa chokaa. Mvua ikinyesha, maji hupotelea upesi kwenye nyufa. Kufikia Agosti, zabibu zinapogeuka rangi, mzabibu huona kiu kidogo, huacha kurefusha matawi na kuelekeza nguvu kwenye tunda. Punje hubaki ndogo. Rangi na ukakasi wa mvinyo mwekundu hutoka kwenye ganda, kwa hiyo punje ndogo ina ganda jingi kwa juisi kidogo.

Chini, kando ya barabara kuu ya Dijon kwenda Beaune, mteremko unakaribia kwisha na udongo ni mfinyanzi mzito, wenye kina cha karibu mita moja. Maji yanatuama, mzabibu unashiba, majani yanasongamana. Vichala vya Pinot Noir, aina ya zabibu nyekundu inayolimwa humo, kwa asili vimebanana. Punje zikivimba, hupasuana na ukungu wa kijivu unaoozesha zabibu huingia. Hewa baridi nayo hutelemkia huko, ikaunguza machipukizi kwa jalidi. Ukivuka barabara tu, mvinyo unauzwa kwa jina la jumla la Bourgogne, yaani Burgundy kwa Kifaransa.

Wanaotetea ukuta wana hoja ya maana. Abasia ya Cîteaux, nyumba ya watawa hao iliyoanzishwa mwaka 1098, ililiendesha shamba hili likiwa moja, na aliye na shamba zima anaweza kuchanganya zabibu za juu, kati na chini. Mwaka wa ukame, mizabibu ya juu hudumaa wakati mfinyanzi wa chini bado una unyevu. Mwaka wa mvua, mambo hugeuka. Mapinduzi ya Ufaransa yaliwanyang'anya watawa, lakini shamba liliendelea kuwa la mwenye mmoja hadi mwaka 1889, lilipogawanywa kwa wanunuzi 15. Tangu hapo, mauzo na urithi vimelikatakata hadi leo lina wenye mali 80 hivi. Sheria ya madaraja ya mwaka 1937 iliuchukua ukuta kama ulivyo.

Hapo ndipo, kwa maoni yetu, utetezi huo unapoishiwa pumzi. Mwenye mistari michache kando ya barabara hana cha kuchanganyia, ila lebo yake ni ileile.

Hata hivyo, wanaodai udongo ni kila kitu nao wanazidisha. Mizizi haibebi ladha ya mawe hadi kwenye glasi. Kazi kubwa ya udongo ni kupima maji na chakula, na hilo mkulima anaweza kulirekebisha kwa kiasi. Mwenye kipande cha chini akiacha nyasi kati ya mistari zinywe maji, akapunguza vichala Julai, akapukutisha majani upande wa jua la asubuhi na kutoa punje zilizooza kwenye meza ya kuchambulia kabla ya kuchachusha, atampita jirani wa juu anayevuna kupita kiasi. Huko juu nako kuna mtego wake. Tangu wadudu wa filoksera waharibu mizabibu ya Ulaya, mizabibu hupandikizwa kwenye mashina yenye asili ya Marekani, na shina lisilostahimili chokaa hushindwa kufyonza madini ya chuma, majani yakawa manjano na mavuno yakafifia.

Kukata madaraja kwa ukanda kungekuwa haki zaidi, lakini kungeshusha thamani ya vipande vya chini, na wenye navyo hawataridhia. Wachache huandika jina la kipande kwenye lebo, kama Le Grand Maupertui, kilichoko juu kikipakana na shamba la Grands Échézeaux. Kwa chupa nyingine inabidi kumuuliza muuzaji mambo mawili: kipande kiko wapi mtelemkoni, na nani alikilima mwaka huo.