Dawa Usiyoihisi Ikifanya Kazi

Kwetu Tanga, Alhamisi jioni ilikuwa na harufu yake. Mama alitia makaa kwenye chetezo, akadondosha udi, akapita nao chumba kwa chumba. Mimi nilikaa barazani mpaka moshi utulie, maana nikiingia mapema usiku huo ningelala nimeketi, mito mitatu mgongoni, kifua kikipiga miluzi. Mama hakuwa na kosa. Nyumba isiyofukizwa si nyumba, na pumu yangu ilikuwa jambo la usiku: inakuja, inapulizwa ile inhela ya buluu, kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, inaondoka. Asubuhi nilikwenda shule kama wenzangu na hakuna aliyeizungumzia tena.

Nimeishi na maradhi haya zaidi ya miaka thelathini, na kama kuna kitu kimoja ningependa kila nyumba yenye mgonjwa wa pumu ikijue, ni hiki: pumu haiondoki kifua kinapofunguka. Kati ya shambulio moja na jingine njia za hewa hubaki zimevimba kwa ndani, zina makamasi, ziko tayari kubana kwa moshi, vumbi, baridi ya Juni au mafua ya kawaida. Dawa ya buluu, salbutamoli, hulegeza misuli inayozizunguka njia hizo. Hufanya kazi ndani ya dakika chache, ikadumu saa nne hadi sita. Uvimbe haiugusi. Uvimbe una dawa yake, beklometasoni au budesonidi, ambayo mara nyingi huja katika inhela ya kahawia. (Rangi hutofautiana kwa kiwanda, kwa hiyo soma jina.)

Sasa tatizo la hiyo ya kahawia ni kwamba ukiivuta huhisi chochote. Kifua hakifunguki, moyo haudundi, mikono haitetemeki. Inataka siku kadhaa, pengine wiki, ndipo uone umelala usiku kucha bila kuamka. Na sisi tumezoea kuipima dawa kwa mwili: sindano iume, mchanganyiko uwe mchungu, mtu atokwe jasho. Nilipewa ya kahawia kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 24. Dirishani pa dawa niliambiwa "asubuhi na jioni", nikakabidhiwa boksi, akaitwa mwingine. Niliivuta siku tano, sikuona tofauti, nikaiweka juu ya kabati. Miezi miwili baadaye nililazwa, nikiwa nimemaliza kopo zima la buluu. Ningeambiwa sentensi moja tu pale dirishani, kwamba hii hutaihisi lakini usiiache, nisingelala kwenye kitanda kile.

GINA, jopo la kimataifa linaloandaa mwongozo wa tiba ya pumu, tangu 2019 halipendekezi tena mtu mzima au kijana mwenye pumu atibiwe kwa salbutamoli peke yake. Mwongozo wao unasema pia kwamba anayemaliza makopo matatu au zaidi ya dozi 200 kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kushambuliwa, na anayefikisha 12 yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Makopo matatu! Mimi nilikuwa namaliza matatu kabla ya Ramadhani haijafika, na nikijiona natumia dawa vizuri.

Halafu kuna neno ambalo kila mgonjwa wa pumu amelisikia: "Hiyo itakuzoea." Shangazi yangu, Mungu amweke, alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, ukianza kupuliza hutaacha mpaka kaburini. Meza vidonge." Alisema kwa mapenzi. Lakini tupige hesabu. Pumzi moja ya inhela ya salbutamoli ni maikrogramu 100. Kidonge kimoja ni miligramu 4, yaani sawa na pumzi 40. Pumzi ile inakwenda moja kwa moja kifuani. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima, ndiyo maana mikono inatetemeka na moyo unakimbia. Tunaiogopa ile ndogo inayofika mahali pake, tunaikumbatia ile kubwa inayotapakaa. Na mtu mwenye shinikizo la damu anayetumia dawa kila siku, nani humwambia imemzoea? Tunamwambia amshukuru Mungu ameipata.

Kuvuta kwenyewe ni ufundi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona wengi wakipuliza dawa ikaishia ulimini. Tikisa kopo. Toa hewa yote kifuani, taratibu, mbali na inhela. Ibane kwa midomo, anza kuvuta hewa polepole na kwa kina, na hapo hapo ndipo ubonyeze, ukiendelea kuvuta. Zuia pumzi, hesabu mpaka kumi. Subiri kama nusu dakika kabla ya kurudia. Ukibonyeza kabla ya kuvuta, au ukivuta kwa pupa kama mtu aliyezama, sehemu kubwa ya dawa inagonga koo na kumezwa. Kama ni ile ya kahawia, sukutua kwa maji uteme, la sivyo unaweza kupata utando mweupe mdomoni na sauti ikakauka.

Kwa mtoto, na hata kwa mtu mzima aliyebanwa sana, hatua hizo haziwezekani. Ndipo panapohitajika chupa. Kuna vyombo maalumu vinavyouzwa, lakini bei yake inawashinda wengi, na si kila duka la dawa linavyo. Heather Zar, daktari wa watoto wa Cape Town, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1999 matokeo ya kupima chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa iliyotobolewa kitakoni tundu la ukubwa wa mdomo wa inhela, inhela ikachomekwa humo na pembezoni pakazibwa vizuri kwa gundi, ilifanya kazi sawa na chombo cha dukani. Ile chupa ya maji tunayoitupa mtaroni! Mtoto anaweka mdomo wa chupa kinywani, unabonyeza mara moja, anapumua kawaida mara tano au sita, ndipo unabonyeza tena. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe bila kuifuta kwa kitambaa.

Mtu akibanwa sana, pumzi 4 hadi 10 kwa chupa, moja moja, zinaweza kurudiwa kila dakika 20 katika saa ya kwanza, huku mnatafuta usafiri. Usafiri, narudia. Asiyeweza kumaliza sentensi, ambaye mbavu zinaingia ndani akivuta hewa, au midomo imebadilika rangi, ni wa hospitali sasa hivi. Na kifua kilichokuwa kinapiga miluzi kikinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, msidhani kimetulia. Hewa haipiti. Kumfunika blanketi ajifukize mchaichai na mikaratusi hakutafungua njia hizo, na maji ya moto yameunguza watoto wengi.

Si kila kikohozi ni pumu, lakini. Mkamba, ambao daktari huuandika bronkaitisi, mara nyingi huletwa na virusi, na kikohozi chake hukaa wiki mbili hadi tatu hata kikiachwa. Tunashindwa kuzisubiri. Siku ya nne tuko duka la dawa tunaomba amoksilini, dawa ya bakteria isiyogusa virusi, kikohozi kinaisha kwa wakati wake, sifa inakwenda kwa kidonge. Kikipita wiki mbili, nenda kapime makohozi. Kipimo cha kifua kikuu hapa Tanzania ni bure. Na kuna wale mama na bibi zetu wanaokohoa makohozi kila asubuhi, miezi mitatu na zaidi kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, nasi tunasema ni uzee. Huo ni mkamba sugu. Wengi wao hawajawahi kugusa sigara. Walichovuta ni moshi wa kuni na mkaa jikoni kwa miaka arobaini. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nauombea ufanikiwe. Kwa sasa, jiko litolewe uani, na koili ya mbu isichomwe chumba anacholala mtoto, chandarua kinatosha.

Mama yangu bado anafukiza. Siku hizi hufanya hivyo asubuhi, madirisha wazi, nikiwa nimetoka, na chetezo hakiingii chumbani kwangu. Hakuhitaji hotuba, alihitaji kuelezwa mara moja.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni mpwa wangu wa darasa la tatu. Ana inhela zote mbili na chupa yake. Ya kahawia anaivuta nyumbani asubuhi na jioni, kabla ya kupiga mswaki, ili asukutue hapo hapo. Ya buluu shule imeifungia kwenye kabati la ofisi, na ufunguo anao mwalimu mmoja ambaye Ijumaa hutoka mapema. Nimekwenda mara mbili kuomba mtoto akae nayo kwenye begi lake. Nimejibiwa kwamba dawa ni dawa, wanafunzi watachezea. Jumatatu nakwenda mara ya tatu, na chupa mkononi, niwaonyeshe walimu wote inavyotumika.