Jembe limehesabiwa, gunia je?

Kila inapokaribia Machi 8, takwimu moja hurudi majukwaani: wanawake huzalisha asilimia 60 hadi 80 ya chakula cha Afrika. Imekaririwa hivi kwamba anayeihoji huonekana anawabeza mama zetu. Lakini mwaka 2017 watafiti waliopitia takwimu za kaya za nchi sita walikuta wanawake wanafanya takribani asilimia 40 ya kazi za shambani. Niger ni 24, Ethiopia 29, Nigeria 37. Malawi, Tanzania na Uganda ni zaidi kidogo ya nusu; Tanzania ni 52.

Mimi naona ile 80 tuiache. Gunia la mahindi halina jinsia: baba kalima, mama kapanda, watoto wamepalilia, kibarua kavuna. Tena sifa hiyo imekuwa mzigo. Mama akishatangazwa kuwa ndiye anayelisha bara, kila mradi humwendea yeye, leo bustani, kesho kuku, keshokutwa mkutano wa kikundi, na hakuna anayempunguzia hata ndoo moja ya maji.

Hata hivyo, wanaoitetea takwimu ya zamani wana hoja nisiyoweza kuipuuza. Kilichohesabiwa ni kazi ya shambani tu. Maji, kuni na ugali wa vibarua havimo, ingawa bila hivyo hakuna anayepalilia. Na hata hiyo iliyohesabiwa hutegemea kumbukumbu. Jaribio lililofanywa mkoani Mara, Tanzania, lilionyesha kwamba wakulima wakiulizwa mwisho wa msimu, saa wanazotaja kwa kila mtu katika kila shamba hufika hadi mara nne ya zile zinazopatikana wakiulizwa kila wiki. Wakati huohuo, baadhi ya mashamba na watu waliofanya kazi husahaulika kabisa. Basi ile asilimia 52 ya Tanzania nayo tuishike kwa uangalifu, hasa pale mtu mmoja anapojibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwingine: pande zote mbili zinabishania jasho. Mwanamke anaweza kufanya kazi yote na asiwe na kauli hata juu ya debe moja. Kipimo cha uwezeshaji wa wanawake katika kilimo kilichozinduliwa mwaka 2012, baada ya kujaribiwa Bangladesh, Guatemala na Uganda, kilisogea mbele kwa sababu kinawahoji mwanamume na mwanamke wa kaya moja, na kinagusa maamuzi ya uzalishaji, mali, matumizi ya kipato, uongozi na muda. Ila nacho hukwama kwenye jibu moja la heshima: “Tunaamua pamoja.” Kuna nyumba ambamo jibu hilo ni kweli tupu, na kuna nyumba ambamo pamoja maana yake ni mama kuarifiwa dalali akiwa tayari anapakia.

Ningependa dodoso liwaulize mwanamume na mwanamke wa kaya, kila mmoja peke yake: gunia la mwisho aliuza nani, bei alipanga nani, na hela ilinunua nini?