Theluthi Mbili ya Mgongo Wangu

Jamani, nisikilizeni upesi, maana nikisimama sana naumia, nikikaa sana naumia, na usiku nikijigeuza kitandani mke wangu anasema nalia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Miaka 19 nimesukuma lori Dar es Salaam hadi Tunduma. Kila mwezi nakatwa mchango wa pensheni, sisemi kitu. Mwaka jana pingili mbili za mgongo zikagoma, L4 na L5, majina utadhani siti za basi. Nikajaza fomu ya pensheni ya ulemavu. Michango haikuwa shida: mimi ninayo ya miezi 200 na ushee. Shida ni theluthi mbili. Eti lazima uwe umepoteza walau theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na wa kupima hiyo theluthi ni bodi ya madaktari. Darasa la tano mwalimu alinichapa sana kwa sababu ya sehemu, nikajua yamekwisha. Kumbe zilikuwa zinanisubiri mbele!

Siku ya bodi nikaambiwa, "Mzee, panda kitandani." Mimi nimelelewa, mkubwa akisema panda, unapanda. Nikapanda, jasho mpaka masikioni. Daktari akaandika. Shuka. Nikashuka. Akaandika. Inama. Nikainama. Akaandika. Pa kuinuka sasa ndipo hawakuandika, walishamwita mwingine, nikatoka mle ndani nimepinda kama mundu.

Barua ikaja: ombi limekataliwa, "anaweza kufanya kazi nyepesi." Kazi nyepesi ya dereva wa lori ni ipi? Kuendesha lori tupu?

Nikasema nakata rufaa. Hapo ndipo nilipojua kuumwa kunataka mtu mwenye afya. Eksirei mpya, ripoti ya daktari bingwa, nakala za vyeti, picha za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa. Na masijala iko ghorofa ya tatu, lifti imebandikwa kikaratasi "MBOVU" mpaka wino umefifia. Nikazipa ghorofa majina ya njia yangu ya Tunduma: ya kwanza nikaiita Chalinze, ya pili Mikumi, ya tatu ilikuwa mlima Kitonga wenyewe, nimepanda kwa gia namba moja. Karani akaniuliza, "Shikamoo mzee, umekuja na nani?"

"Marahaba. Peke yangu, mwanangu."

"Kwa ngazi?"

"Kwa ngazi."

Akaguna. Halafu na yeye akaandika!

Ikabaki barua ya mtaa. Nimeweka makaratasi yangu barazani niyapange, mbuzi wa jirani kaja, kachukua ripoti ya daktari bingwa. Ile ripoti nimeilipia! Sijui nguvu zilitoka wapi, nikamkimbiza hatua kumi, tuseme kumi na mbili, ripoti nikaipata imepungua pembe moja. Kisha nikaanguka mtaroni, nikakaa humo mpaka adhana ya magharibi. Huko mtaroni hakunipitia mtu. Ila kwenye zile hatua kumi na mbili, nani alikuwa anapita? Mwenyekiti wa mtaa.

Kesho yake barua ikawa tayari: "Namtambua mtajwa, ni mkazi wangu, mwadilifu, na kwa umri wake bado ana mbio nzuri."

Muhuri kaupiga palepale kwenye neno "mbio." Na katika mihuri yote niliyokusanya, huo ndio pekee uliokolea wino.