Nani ashuke kwenye ndege kwanza? Hesabu ya mikutano mikubwa, tukiipiga kutoka Lubumbashi

Mkutano wa kwanza wa nchi zilizomo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mabadiliko ya tabianchi ulifanyika Berlin mwaka 1995 na ulihudhuriwa na watu karibu 4,000. Ule wa 28, Dubai mwishoni mwa 2023, ulipita watu 80,000. Nigeria ilikuwa na majina 1,411 kwenye orodha, sawa na China, na Wanigeria wenyewe walipiga kelele kweli kweli. Tangu hapo swali linarudi kila mwaka: watu wanaokutana kujadili hewa ukaa, kwa nini wasikutane kwenye skrini?

Hapa Lubumbashi swali hilo hujibiwa haraka, na majibu huwa mawili. Mmoja atakwambia sisi hatujachafua kitu, waanze wazungu. Mwingine, mara nyingi kijana wa chuo mwenye simu nzuri, atasema mikutano ya kusafiri imepitwa na wakati, siku hizi kila kitu kiko Zoom. Nimewahi kuyasikia yote mawili kwenye meza moja. Kila mmoja ana ukweli wake, lakini hakuna anayetaka kupiga hesabu, na hesabu haimwachi salama hata mmoja wao.

Desemba 2019 chama cha wanajiofizikia cha Marekani, AGU, kiliita mkutano wake wa mwaka San Francisco. Walikuja watu wapatao 28,000. Watafiti waliofuatilia safari zao walichapisha matokeo mwaka uliofuata: kwenda na kurudi kulitoa kama tani 80,000 za hewa ukaa, karibu tani 3 kwa kichwa. Jumla hiyo ni kubwa, ila mgawanyo wake ndio ulionikamata zaidi. Safari za kupita kilometa 8,000 zilibeba takriban robo tatu ya mzigo wote, ingawa waliosafiri umbali huo walizidi kidogo tu thuluthi moja ya washiriki. Chupa za maji, karatasi, mifuko yenye nembo inayogawiwa mlangoni, vile vitu waandaaji wanavyopenda kutangaza kwamba wamevipunguza, ni makombo tu.

Tupige sasa hesabu ya kwetu. Anayetoka Lubumbashi kwenda Brussels kupitia Addis Ababa anaruka zaidi ya kilometa 8,000 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa kipimo cha kawaida cha gramu 100 hadi 150 kwa kila kilometa ya abiria wa daraja la chini, anatoa karibu tani 2. Akikaa daraja la biashara, zidisha karibu mara tatu, maana kiti chake kinakula nafasi ya watu kadhaa. Mkongo wa kawaida, kwa petroli, mazuti na gesi anayochoma mwaka mzima, hafikishi kilo 100. Safari moja ya siku tano imemeza zaidi ya miaka 20 ya mwananchi mwenzake. (Miombo inayokatwa kwa ajili ya makala, yaani mkaa, haimo katika hesabu hiyo, na ingekuwemo sura ingekuwa nyingine. Anayetoka mjini anaona mwenyewe jinsi pori lilivyorudi nyuma.)

Kwa hiyo anayesema “sisi hatujachafua” ana haki kama anasemea nchi. Kama anajisemea mwenyewe, na pasipoti yake imejaa mihuri hadi ukurasa wa mwisho, hana.

Upande wa mtandao una hesabu nzuri mno. Utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba kuuhamishia mkutano wote mtandaoni kunapunguza hewa ukaa kwa asilimia 94, na kwamba hata ule wa mseto, ambapo zaidi ya nusu ya washiriki wanabaki makwao, unaweza kuondoa thuluthi mbili. Mtu atauliza kama hesabu hizo zinatufaa sisi wa jenereta. Nilijiuliza hivyo hivyo. Basi tuingie chumba cha kitivo kimoja hapa mjini, siku ya mkutano wa mtandaoni. Umeme umekatika asubuhi. Jenereta ndogo imewekwa chini ya dirisha, waya mrefu unapita katikati ya vyuma vya dirisha hadi mezani, na harufu ya petroli imeufuata ndani. Watu sita wamebanana mbele ya kompyuta moja. Simu inayotoa intaneti imewekwa juu ya kabati kwa sababu ndipo pekee inaposhika, na kuna kijana aliyepewa kazi ya kuchunga mega zisiishe katikati ya mada. Anayetaka kusema lazima ainame hadi pua iguse kompyuta. Kutoka upande wa pili sauti inaomba kwa adabu kwamba ile mashine inayonguruma izimwe. Ikizimwa, mkutano nao umekwisha.

Jenereta kama hiyo ikinywa lita moja kwa saa, siku mbili za saa nane zinamaliza lita 16. Lita ya petroli inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. Jumla ni kilo 37. Ukiigawa kwa watu sita, haifiki hata kilo saba kwa mtu.

Linganisha na safari ya viza peke yake. Ubalozi wa Marekani uko Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kwa ndege kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege. Kwenda na kurudi kwa ajili ya mahojiano ni kati ya kilo 300 na 465 za hewa ukaa, karibu mara kumi ya jenereta ile iliyohudumia chumba kizima, na hapo hujajua bado kama utapewa muhuri. Wengi hawapewi. Julai 2022 mkutano wa kimataifa wa UKIMWI, Montreal, ulifunguliwa kwa malalamiko kwamba wajumbe wengi wa Afrika walinyimwa viza au hawakujibiwa hadi siku ikafika. Sijaona ripoti ya mazingira ya mkutano wowote inayohesabu safari za watu ambao hawakufika.

Kwa hesabu tupu, basi, kijana wa Zoom ameshinda, tena kwa mbali. Ninakoachana naye ni pale anapodhani hewa ukaa ndiyo gharama pekee.

Juni 2021 wajumbe wa mazungumzo ya tabianchi walikutana mtandaoni kwa wiki tatu. Nchi zilikubaliana kwamba hakuna uamuzi rasmi utakaopitishwa, na mojawapo ya sababu ni kwamba wenye mtandao dhaifu na wale walioangukiwa na vikao vya usiku wa manane wangekuwa wanafungwa na mambo ambayo hawakuyasikia vizuri. Kwa upande mwingine, wiki chache baadaye jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, IPCC, liliidhinisha muhtasari wa ripoti yake kubwa, mstari kwa mstari, mtandaoni, kuanzia 26 Julai hadi 6 Agosti. Kazi ile iliwezekana. Tofauti ninayoiona ni kwamba IPCC ilikuwa na andiko mezani na watu walijua wanachopima, ilhali mazungumzo yale ya Juni yalikuwa ya kuvutana, na kuvutana kunahitaji mahali pa kumvuta mtu pembeni. Tafiti za kisaikolojia nazo zinaelekea huko: mwaka 2022 ilionekana kwamba watu wawili wanaobuni mawazo kupitia video hutoa mawazo machache kuliko wawili walioketi chumba kimoja, ingawa katika kuchagua lipi ni zuri hawakuwa nyuma.

Profesa wa Leuven, Ubelgiji, ambaye amekutana na wenzake kwa miaka thelathini anaweza kukaa nyumbani kesho asipoteze kitu. Barua pepe yake itajibiwa. Mtafiti wa udongo kutoka Lubumbashi, mwenye sampuli za shaba na kobalti ambazo hakuna maabara ya Ulaya inazo, hajulikani na mtu. Kwenye skrini atakuwa kisanduku kimoja kati ya mia, sauti ikikatika katika dakika yake ya tano. Mradi wa pamoja, nafasi ya uzamivu kwa mwanafunzi wake, mashine ya kuazima, mambo kama hayo hupatikana kwenye foleni ya kahawa. Tani zake mbili zinanunua kitu. Tani mbili za profesa yule, mwaka huu kama mwaka jana, sioni zinanunua nini zaidi ya chakula cha jioni na marafiki.

Wito wa kuacha kusafiri, hata ukitoka kwa watu wa nia njema, hutolewa kana kwamba wote tulipanda ndege pamoja. Wengine ndio kwanza wako kwenye ngazi.

Lakini nisiishie kwa Leuven, maana hapa kwetu pia kuna mkutano mkubwa, wa madini. Kila Juni, katika baridi na vumbi la kiangazi, DRC Mining Week huijaza Lubumbashi wageni kutoka Afrika Kusini, Ulaya, China na kwingineko. Hoteli zinajaa, madereva wanapandisha bei, na mama wauza chakula wa karibu na ofisi hawalalamiki. Wanaokutana wanazungumzia kobalti, ambayo Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya ile ya dunia nzima, na shaba, madini ya betri za magari ambayo yanatakiwa kupunguza hewa ukaa. Umeme wa ukumbini, unapokuwepo, ni safi kuliko wa miji mingi mikubwa: unatoka kwenye maji, Mwadingusha kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Uchafu unatoka kwenye viti vya ndege.

Je, mkutano huo ungehamia mtandaoni? Mji ungepoteza pesa, hilo halina ubishi. Zaidi ya pesa, mwekezaji angepoteza nafasi ya kuona. Anayenunua kobalti kutoka mbali hajui foleni ya malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wala hajui watoto wa kando ya barabara ya Kolwezi wanavumilia vumbi gani. Hiyo ni hoja nzito ya kumtaka aje. Inapoteza uzito wake, hata hivyo, pale mgeni anapotoka Luano moja kwa moja hadi hotelini, siku tatu za kadi za biashara, kisha Luano tena. Huyo angebaki kwao. Kama ningekuwa mwandaaji, anayetoka mbali ningempa kiti ikiwa tu amejiandikisha kwa siku mbili za ziada nje ya hoteli.

Na niseme lile ambalo halipendwi katika maofisi yetu. Safari nyingi za kutoka hapa hazifuati elimu wala biashara. Zinafuata posho ya misheni, yaani ya safari ya kikazi. Posho ya siku tano ughaibuni inaweza kupita mshahara wa miezi, mishahara yenyewe ikichelewa, kwa hiyo orodha ya ujumbe hugawiwa kwa cheo: mkurugenzi, naibu wake, wa itifaki, wa kubeba faili. Aliyeandika mada anabaki Lubumbashi na kutuma slaidi kwa WhatsApp. Hapo hoja ya hewa ukaa, ambayo tumezoea kuiona kama rungu la wageni juu yetu, ingetufaa sisi wenyewe kuliko wao. Ni sababu ya heshima ya kukata majina bila kumwambia mkubwa kwamba hana kazi kule.

Waandaaji wengine watakwambia usihofu, wamenunua fidia ya kaboni, miti inapandwa au msitu unalindwa mahali fulani. Uchunguzi wa mwaka 2023 wa miradi ya misitu ulikuta kwamba sehemu kubwa ya upunguzaji uliodaiwa haukutokea. Siipi hoja hiyo muda zaidi.

Kinachonivutia zaidi ni kuugawa mkutano. Watafiti wale waliohesabu safari za San Francisco walipendekeza kikao kimoja kifanyike kwa wakati mmoja katika vituo kadhaa vilivyounganishwa kwa video, ili watu wasivuke bahari. Vituo walivyovifikiria vilikuwa Amerika Kaskazini, Asia na Ulaya. Afrika haikuwemo, na sishangai, kwa sababu walianza na wale waliokuwa wakihudhuria tayari. Ila wazo lenyewe linatufaa. Kituo kingewekwa Lusaka, ambako COMESA, soko la pamoja la Afrika Mashariki na Kusini, ina makao yake, mtu wa Lubumbashi angevuka Kasumbalesa na kufika kwa basi akiwa ametoa makumi machache tu ya kilo za hewa ukaa. Angekuta chumba chenye watu wa kuongea nao, umeme na mtandao wa kutosha kwa wote. Wenzetu wa Goma na Bukavu, ambao viwanja vyao vya ndege vilifungwa mapema 2025 na wakalazimika kupita barabarani kupitia Rwanda, wangehitaji chao Kigali, mji ambao tayari uliandaa mkutano wa kimataifa wa akili mnemba wa ICLR mwaka 2023. Kama kupita mpaka ule kunawezekana kwa kila mtu ni swali la siasa, na hesabu ya kaboni haitalijibu.

Hata vituo hivyo havitafanya kila mtu ajulikane kwa kila mtu. Wa Lusaka watajuana wao kwa wao, na wenye pesa za utafiti bado watakuwa wamekaa pamoja Paris. Ndiyo maana siungi mkono marufuku ya kusafiri. Ningependa kanuni moja ndogo, ya chuo au ya wizara: anayekwenda mara ya kwanza apite mbele ya anayekwenda mara ya kumi, mwenye mada apite mbele ya mwenye cheo, na mkubwa akitaka kutoa hotuba ya ufunguzi aitoe kwenye skrini, kwa dakika zake kumi, jenereta ikinguruma chini ya dirisha lake. Niliwahi kuitaja mbele ya watu wanaosaini barua za misheni. Walicheka vizuri, wakaniuliza kama nitakunywa kahawa nyingine.