Inzi wa zabibu apewe nafasi kwenye maabara zetu

Zabibu zikiiva Hombolo, Mpunguzi na Makutupora, inzi hawa huhitaji kuwatafuta. Acha tenga la zabibu zilizopondeka kivulini mpaka jioni, utawakuta wamejaa: wadogo, rangi ya kahawia hafifu, macho mekundu. Hao ni Drosophila, na asili yao ni Afrika hii hii. Wakulima wa maembe wasinielewe vibaya, maana inzi anayewaharibia maembe ni wa familia nyingine kabisa. Huyu mdogo hufuata tunda lililoanza kuchacha.

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma, na naona tunamfundisha inzi huyu nusunusu. Mwanafunzi anamaliza shule akiwa na macho mekundu na meupe ya inzi wa Morgan, yule mtafiti wa urithi wa Marekani, kichwani, anajua kuchora jedwali la urithi, basi. Hasikii kwamba mdudu huyo huyo ametusaidia kuelewa kwa nini mwili haumeguki, yaani seli moja inaishikaje nyingine.

Kuna jaribio la mwaka 1990, lililofanyika Marekani, ambalo kila ninapolisoma linanisisimua. Watafiti walitumia seli ziitwazo S2, ambazo asili yake ni viinitete vya inzi vya saa 20 hadi 24, na ambazo zilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Sifa yake kubwa ni kwamba kwa kawaida hazishikani. Kila moja hukaa kivyake. Kundi moja likapewa jeni ya kutengeneza Notch, protini ya kupokea ujumbe (kipokezi) kwenye utando wa seli, kundi lingine likapewa jeni ya Delta, protini inayoshikana na Notch. Seli za Notch peke yake hazikushikana. Zilipochanganywa na zile za Delta na kutikiswa taratibu, zikaanza kukamatana na kufanya mabonge yanayoonekana kwa hadubini, na pale seli zilipogusana ndipo protini hizo mbili zilipokusanyika. Kalisiamu ilipoondolewa kwenye majimaji, mshikamano haukutokea. Hakuna hesabu ngumu hapo. Mwanafunzi akitazama mabonge yale atajua kipokezi cha juu ya seli kinafanya nini, na hatasahau.

Notch si peke yake. Kuna kaderini, protini za kushikanisha seli, ambazo nazo hutegemea kalisiamu, na ambazo hushika kaderini za aina ile ile kwenye seli ya jirani. Kuna Dscam1, jeni moja tu inayoweza kutoa maumbo 38,016 ya protini, ambayo huziwezesha neva za inzi kutambua matawi yake zenyewe na kuyakwepa.

Ila kwa shule zetu mimi ningeanza na integrini, protini nyingine za kushikilia seli. Bawa la inzi ni tabaka mbili za seli zilizobanana, na integrini ndizo zinazosaidia kuzibana kupitia utandu ulio katikati. Jeni zake zikiharibika, tabaka zinaachana na bawa linatoka malengelenge. Malengelenge hayo unayaona kwa lenzi ya mkono! Huhitaji mashine ya mamilioni.

Anayeuliza haya yanamhusu nini mtu wa Dodoma, binadamu naye ana kaderini. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba familia za Wamaori huko New Zealand zilizoandamwa na saratani ya tumbo zilirithi hitilafu kwenye jeni ya kaderini E. Seli iliyopoteza mshiko ndiyo iliyo rahisi kuhama.

Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa tangu 2007. Seli za S2 hazihitaji kabati la hewa ya kabonidioksaidi, na hustawi kwenye nyuzijoto 22 hadi 25, kwa hiyo mzigo mkubwa ni kuzipoza joto la Oktoba. Inzi wenye mbawa za malengelenge huhifadhiwa kwenye hazina ya inzi ya Bloomington, Indiana, Marekani, ambayo kazi yake ni kuwatuma kwa walimu na watafiti. Vibali vya kuwaingiza nchini vifuatwe kama inavyotakiwa. Chakula chao ni unga wa mahindi, sukari na hamira, vitu vya soko la Majengo. Nawaomba wahadhiri waanze na mbawa, wafuge hata chupa chache, kisha watufungulie mlango sisi walimu wa sekondari tuje na vidato vyetu. Lenzi tutakuja nazo.