Gatsby hakuuawa na tamaa

Juzi mpwa wangu alikuwa sebuleni anasoma The Great Gatsby, riwaya ya Fitzgerald. Mgeni wetu, mtu mzima wa heshima zake, akamuuliza hadithi inahusu nini. Binti akamweleza: kijana wa kimaskini, Gatsby, alitafuta mali ili ampate mwanamke aliyemkosa, mali akaipata, mwisho akapigwa risasi. Mgeni akatikisa kichwa. "Ndiyo hivyo mwanangu. Tamaa mbele, mauti nyuma." Wakarudi kwenye chai yao. Yangu haikushuka.

Kama tamaa ndiyo inayoua, mbona Tom Buchanan, mume wa Daisy, yule mwanamke Gatsby aliyemkosa, yuko hai? Huyu utajiri aliukuta kwao, hakuutolea jasho. Siku moja kabla ya harusi alimpa Daisy mkufu wa lulu wa dola 350,000. Juu ya mke huyo akaweka hawara, Myrtle, mke wa fundi gereji, na alipothubutu kulitaja jina la Daisy mara kwa mara, Tom akamvunja pua. Sasa hesabuni maiti. Myrtle anagongwa na gari, aliyeshika usukani ni Daisy. Gatsby anapigwa risasi kwenye bwawa lake. Aliyempiga ni George Wilson, mume wa Myrtle, baada ya Tom kumwambia gari lililomgonga mkewe lilikuwa la Gatsby, kisha Wilson akajiua. Watatu hao, hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mali. Tom na Daisy walifunga mizigo wakaondoka zao, na Daisy hakutuma hata ua la mazishi. Walichotamani walikuwa nacho, na wakakitumia kujificha.

Haya, fedha za Gatsby hazikuwa safi. Aliuza pombe wakati Marekani imeipiga marufuku, na alimtaka mke wa mtu. Simtetei kwa hayo.

Kino, mvuvi maskini wa lulu katika riwaya ya Steinbeck, The Pearl, naye anabebeshwa methali hiyohiyo, ilhali lulu kubwa aliyoipata aliitakia mwanawe shule, na wanunuzi waliojifanya washindani walikuwa wa tajiri mmoja.

Lakini anayeniuma kuliko wote ni mzee Gatz, baba yake Gatsby. Anafika mazishini kutoka Minnesota amevaa koti refu la bei rahisi, mfukoni ana picha ya nyumba ya mwanawe, imechanika pembeni kwa kushikwashikwa. Anatoa pia kitabu cha zamani ambacho mwanawe aliandika ratiba ndani yake, tarehe 12 Septemba 1906. Kuamka saa kumi na mbili asubuhi. Mazoezi ya mwili. Kusoma mambo ya umeme. Kujifunza kusema vizuri mbele za watu. Kuweka akiba dola 5 kwa wiki. 5 ikakatwa, ikaandikwa 3. Kuwatendea wazazi wema zaidi. Mtoto aliyekaa akapiga hesabu, akaona 5 hatazifikisha, akashusha hadi 3, huyo ndiye tunayemwita mwenye tamaa?

Mzee anaisoma ratiba kwa sauti, mstari kwa mstari, kwa fahari. Kisha anaanza kuchungulia dirishani kama kuna magari mengine yanakuja. Mvua inanyesha. Mchungaji anatazama saa, anaombwa asubiri nusu saa zaidi. Anasubiri. Katika umati wote uliokula na kunywa kwenye nyumba ile, hakuna gari linaloingia.